Kusukuma Coccinelle ya Latif

Jumapili ile tulikuwepo hawa: Latif mwenyewe, ambaye ni fundi cherehani na ndiye mwenye gari, halafu Protais, tunayemwita Kilo Mia kwa sababu alibeba magunia pale Petite Barrière, kwenye mpaka wa Goma, mpaka mgongo wake ukakataa, Gatete wa pikipiki, tunayemwita Ministre kwa sababu anajua habari za serikali kabla ya serikali, Kimenyi, aliyekulia Tanzania, tunayemwita Bukoba, mimi na birika yangu ya kahawa ya tangawizi, na Tuyishime wangu wa miezi minane, amelala mgongoni. Baadaye wakaongezeka mama Bushira, mke wa Latif, na binti mmoja wa Kigali aliyeitwa Teta. Benchi yetu iko chini ya dirisha la Latif, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda ziwani, na mbele ya benchi husimama Coccinelle, ile gari ndogo ya Wajerumani yenye mgongo kama wa kobe, ya rangi ya maziwa, ambayo Latif amekaa nayo miaka ishirini na sita. Viti vyake amevishonea nguo mwenyewe kwa vipande vya vitenge vilivyobaki, kila kiti na kitenge chake. Si gari ya biashara. Ni ya furaha yake tu, na ya kubeba maharusi wa mtaa.

Démarreur yake, kile chombo kinachoamsha injini ukizungusha ufunguo, ilikufa zamani. Kwa hiyo kila Jumapili saa tatu, Protais akishatoka misa ya kwanza na viatu vyake vimepigwa rangi, wanaume huisukuma kwenye mteremko mpaka ikohoe na kuwaka. Latif huwapeleka mpaka ziwani, wakarudi, wakanywa kahawa yangu wakisimulia jinsi ilivyowaka, kana kwamba mimi sikuwepo.

Siku ile hakuna aliyesukuma. Kulikuwa na mtu wa Kigali anayeitaka gari. Karatasi zilikuwa tayari, na kabla ya saa sita fundi wake angefika kuitazama na kuichukua. Lililobaki ni neno la Latif. Kama angeuza, angenunua Vitz ya otomatiki kwa ajili ya mke wake. Mama Bushira anauza vitenge sokoni. Magoti yanamuuma, na kila asubuhi anabeba furushi kichwani. Mwezi uliopita alipata permis, leseni ya kuendesha, ya otomatiki, na mtaa mzima tulisimuliwa: alirudi nyuma katikati ya vigingi bila kugusa hata kimoja, mpaka polisi akamwomba arudie ili wengine waone. Lakini Coccinelle hawezi kuitumia. Mtu gani aende sokoni kwa kusubiri kwanza wanaume watatu wa kumsukuma?

Latif alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

— Semeni — alisema. — Mi nasikiliza.

— Fundi, huyo mutu wa Kigali hataki voiture ya kuendesha — Gatete alianza. — Iko na hoteli. Atatoa injini, atajaza udongo, atapanda maua. Watalii watapiga picha pale mama wa bibi harusi alikuwa anakaa.

— Ulimuona wapi? — Latif akauliza.

— Sikumuona. Lakini mutu wa Kigali anafanya nini na gari ya kusukuma? Kule watu hawana nafasi.

Kimenyi akaweka kikombe chini. Yeye akitaka kusema methali hukaa kwanza vizuri.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Bukoba, hii haielei — Gatete akasema. — Iko kwenye mawe.

— Inaelea, ndugu yangu. Wajerumani waliifunga chini kama sahani. Kule kwetu padri mmoja alitumbukia ziwani nayo, akakaa juu ya maji muda wa kusali Baba Yetu mara tatu.

— Na mara ya nne?

— Ya nne alisali akiogelea.

Hapo wakaacha habari ya kuuza. Gatete alisema kama ni hivyo, donc tuifunge mota nyuma na Latif awe anapeleka watu Bukavu, barabara ya nini. Kimenyi akauliza abiria wavae mkanda wa gari au jaketi la mashua. Walibishana juu ya hilo mpaka nikajaza vikombe mara ya pili, na nikaona Latif anatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Nadhani ndiyo sababu waliendelea. Gatete si mjinga kama anavyopenda tumwone.

Mwishowe Protais akasema, polepole, kama kawaida yake:

— We uza, haitakaa. Itarudi.

— Itarudi namna gani, Kilo Mia? — Gatete akauliza.

— Ng'ombe ya baba yangu iliuzwa Kanzenze. Siku ya tatu iko kwenye mlango yetu, Nyakiriba. Kitu inajua nyumbani.

— Ng'ombe iko na miguu.

— Hii iko na magurudumu.

— Yewe, kutoka Kigali ni milima tu — Gatete akasema. — Nani ataisukuma milima yote hiyo?

— Mi — Protais akajibu, akiangalia ndani ya kikombe chake.

Latif alisogea kidogo kwenye benchi, mabega yao yakagusana, na wakakaa hivyo.

Lazima niseme jambo hapa. Miaka tisa iliyopita Protais alimzika mke wake, Verediane, na mwaka huo huo mgongo ukamtoa kazini. Alifunga mlango wake. Nyumba yake inatazamana na ya Latif, na mimi nilikuwa msichana wa kuchota maji pale. Chakula kilikuwa kinawekwa mlangoni na kurudi vile vile. Ndipo Latif akaanza kumgongea kila Jumapili: gari imekufa, njoo unisukumie. Protais akamjibu kwa hasira kwamba hana mgongo. Latif akamwambia kusukuma si kubeba, na kwenye mteremko hata mtoto anaweza, lakini mtoto hana akili ya kujua wakati wa kuachia. Jumapili ya tatu au ya nne Protais alitoka, hajanyoa, akasukuma, akarudi ndani bila kuaga. Jumapili iliyofuata alitoka amenyoa.

Saa tano ikapita. Mama Bushira akatoka na sahani ya mandazi, akampa kwanza Protais, halafu wengine. Hakumuuliza mume wake kitu. Ile permis yake huiweka kwenye pochi ndogo shingoni, pamoja na ufunguo wa kabati la vitenge. Akaegemea mlango na kupumzisha goti moja.

— Mama Bushira, we unasemaje? — Gatete akamuuliza.

— Gari ni ya Latif — alijibu. — Mimi nilimkuta nayo.

— Lakini Vitz ni yako.

— Vitz haijakuja. Kula, mwanangu.

Pikipiki ikasimama, akashuka binti mwenye ovaroli ya buluu na begi la vifaa. Akatuamkia wote, mmoja mmoja, na mimi pia, hata Tuyishime akashikwa mguu. Akasema anaitwa Teta, ndiye fundi. Gatete alimwangalia kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akataka kusema neno, mama Bushira akamtazama, neno likaishia kwenye andazi.

Latif alimtaka anywe kahawa kwanza. Akanywa. Kisha akafungua mlango wa nyuma, kwa sababu injini ya Coccinelle iko nyuma, na Kimenyi akasimama karibu kumweleza kwamba injini iko nyuma. Teta alimshukuru. Akagusa hiki na kile, akalala chini barabarani, akainuka na mavumbi, akasema gari imetunzwa na mtu mwenye moyo. Latif akaangalia pembeni. Binti akaomba ufunguo, akaingia, akauzungusha. Kimya.

— Démarreur ilikufa lini?

— Miaka tisa — Gatete alisema. — Démarreur yetu ni huyu papa.

Akamwonyesha Protais, na Protais akanyoosha mgongo.

Teta hakucheka, wala hakudharau. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua kazi:

— Lakini hii si ngumu kupata. Hata hapo Goma zinapatikana. Kwa nini hamkuweka nyingine?

Kimenyi alifungua mdomo, methali haikuja, akaufunga. Gatete alitazama kioo cha pikipiki yake. Watu wazima watatu, kila Jumapili kwa miaka tisa, jua na mvua, na hakuna aliyekuwa amejiuliza. Nikamwangalia Latif, maana nilikumbuka kitu. Nilipokuwa na mimba aliniambia nichague vipande vya nguo kwenye sanduku lake anishonee kofia ya mtoto. Chini kabisa nilishika chuma kizito kimefungwa kwa kitambaa. Aliniambia bila kuacha kushona: kirudishe chini, mwanangu. Nilifikiri ni kipande cha cherehani.

Latif alimtazama mke wake pale mlangoni, jinsi alivyopumzisha lile goti. Akainuka, akaingia ndani. Tulisikia sanduku likivutwa. Akatoka na kile chuma mikononi.

— Chukua — alimwambia Teta. — Inaenda pamoja na gari. Nauza.

Teta akakifungua. Ilikuwa démarreur, mpya, bado ina karatasi yake ya mafuta. Kitambaa kikaanguka, Protais akainama kukiokota. Kilikuwa cheusi chenye mistari myembamba ya kijivu. Akakigeuza upande huu na upande ule.

— Hii ni suti yangu — akasema.

— Ni kipande kilibaki — Latif akajibu.

— Ile ya kumzika Verediane.

— Ndiyo.

Protais alikaa na kitambaa kwenye kiganja. Nilimwona midomo yake inasogea kidogo, kama mtu anayehesabu.

— Donc ilikuwa kwenye sanduku. Siku zote hizi.

— Nilisahau kuiweka — Latif akasema.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Niliinamisha birika ili nionekane nina kazi.

— Bon — Protais akasema. — Mutu anasahau.

Akakunja kile kitambaa mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa shati.

Teta alisema anaweza kuifunga hapo hapo, kazi ya muda mfupi, gari iondoke kwa ufunguo. Protais akatikisa kichwa.

— Utaifunga kwenu, binti. Leo ni Jumapili.

Teta akamtazama Protais, akamtazama Latif, akaitia démarreur kwenye begi. Akasema ana mjomba Musanze, njia ya Kigali, ataifunga huko.

Basi akaingia yeye kwenye usukani, na Latif akaja nyuma. Katika miaka yote ile Latif alikuwa hajawahi kuisukuma. Yeye ndiye aliyekuwa dereva. Protais alimwonyesha mahali pa kuweka mikono. Hapana, si hapo, chini zaidi, usisukume kwa mikono, sukuma kwa mguu. Kimenyi akashika upande mmoja, Gatete upande mwingine, na mama Bushira akaweka sahani chini akaja na yeye, na magoti yake. Mimi niliweka mkono mmoja tu, kwa sababu ya mtoto.

— Sasa — Protais akasema.

Ikaenda. Ikakohoa mara moja, mara mbili, na kabla ya kona Protais akasema achieni, tukaachia wote pamoja. Ikawaka. Teta hakusimama, kwa sababu angesimama ingezimika. Alipiga honi tu, na tukaona vitenge vya viti vya nyuma mpaka kona ikavificha. Latif alibaki katikati ya barabara, mikono yake bado imenyooka mbele. Protais akamshika kiwiko akamrudisha kwenye benchi.

Vitz ilikuja wiki mbili baadaye, ya kijivu. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, mama Bushira anamwita Protais atoke, asimame nyuma ya gari, amwonyeshe namna ya kurudi nyuma.