Kuku wa Mama Mkwe Kavimba Uso

Kule Katuba, pale lami inapochoka na kugeuka tope, kuna benchi mbele ya kibanda cha Kalenga, fundi anayekata mabati ya zamani kutengeneza mbabula za kupikia kwa makaa. Benchi hilo halina mwenyewe, lakini lina wenyeji. Kuna Amisi, mtu wa asili ya Maniema, muuza kahawa anayesahau sukari kila siku ya Mungu, ndiyo maana wanamwita Bila Sukari. Kuna Shafi fundi cherehani, anaitwa Radio, kwa kuwa hazimiki hata umeme ukikatika. Na kuna Élie, mzaliwa wa Kasai, mwenye miwani, anaitwa Waziri. Siku moja alimbebea waziri fulani mkoba kwenye uwanja wa ndege, na tangu hapo hajaongea tena kama mtu wa kawaida. Alasiri moja ya msimu wa mvua Kalenga alifika hapo na kuku kwapani, na roho yake haikuwa mahali pake.

— Hii kuku ilipigana na nani? aliuliza Shafi.

— Haikupigana. Niliikuta hivi asubui.

Uso wa kuku ulikuwa umevimba mpaka jicho moja limebaki ufa tu. Kwenye upanga wa kichwani na kando ya mdomo kulikuwa na vigaga vyeusi.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa supu, basi. Kwa Kalenga ilikuwa kesi. Benita, mke wake, alikuwa amerudi kwao Kasenga mwezi uliopita, baada ya kumwambia mumewe kwamba analijua benchi kuliko anavyoijua nyumba. Na kuku huyo alitoka kwa mama yake Benita, Mama Bwalya, siku ya ndoa. Alimweka kuku mkononi mwa binti yake, akasema mbele ya watu wote kwamba siku akija kutembea, atamtazama kuku kwanza ndipo atazame watu. Sasa alikuwa njiani, juu ya lori la samaki. Kwenye simu alisema maneno machache: "Ninakuya kuona nyumba. Kisha njo nitajua kama mutoto anarudia." Kalenga alimtaka mke wake arudi. Alimtaka kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote, Benita mwenyewe akiwemo.

— Belle-mère, mama ya Benita, anafika leo, alisema. Munisaidie.

— Weka hapa, alisema Élie. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mbele ya dawa, tunafanya diagnostic.

— Diagnostic iko nini? aliuliza Amisi.

— Iko kuangalia mbele ya kusema.

— Basi Radio arudie kwake.

Shafi hakujali.

— Mi nayua hii ugonjwa. Iko mafua. Kuku ya shangazi yangu ilivimba vile vile, uso mukubwa sawa mukate.

— Ingekuwa mafua, kamasi ingetoka mu pua, na ingenuka mubaya, alisema Élie. Nusa.

— Juu ya nini mimi?

— We njo ulisema mafua.

Shafi akainama, akanusa. Kuku akamdonoa.

— Inanuka kuku, alisema Shafi, ameshika pua. Kuku ya kawaida tu.

— Na kamasi?

— Kamasi iko yangu.

Élie akaendelea na kazi. Alifunua manyoya ya shingoni na chini ya mabawa akitafuta viroboto na utitiri, hakuona kitu. Akakagua miguu, magamba yalikuwa yamelala vizuri. Mwishoni akagusa vile vigaga kwa ncha ya kidole.

— Munaona? Ku upanga, ku macho, ku mudomo. Fasi yenye haina manyoya. Hii iko ndui ya kuku. Inaletwaka na mbu.

— Na dawa yake? aliuliza Kalenga.

— Ya kuiua haiko. Unaitenga na zingine, unapangusa vidonda na maji ya chumvi, unatia dawa ya iode. Unaipatia maji na chakula chororo pale pale karibu, juu haioni muzuri. Itakauka yenyewe. Zile zenye hazijagonjwa, unazitia chanjo.

— Itakauka lini?

— Wiki mbili, tatu.

Kalenga akatazama njia: mama mkwe alikuwa anafika leo. Na hapo ukweli wa Élie ukakosa mnunuzi. Pale kwenye benchi, jibu linalotaka subira huwa halinyweki na kahawa.

— Waziri anatupoteza, alisema Amisi. Hii iko jino.

— Jino?

— Angalia, imevimba zaidi upande moja. Mwaka jana mi nilivimba hivi hivi, balining'oa jino, ikaisha.

— Amisi, kuku haina meno.

— Njo maana inaumia mingi. Jino inataka kutoka, haina fasi ya kutokea.

Na Kalenga, mtu mzima mwenye akili zake timamu, akambinua kuku mdomo na kuchungulia ndani. Mtu akibanwa anachungulia popote.

— Sio jino, alisema Shafi. Iko kioo. Jirani yako anawekaka motokari mu lupango, mu kiwanja yenu, sivyo? Kuku inajiona mu kioo ya motokari, inafikiri iko bibi mwingine ameingizwa. Inamupiga siku muzima.

— Kioo inaweza kuvimbisha mutu?

— Kama unaipiga na uso, ndiyo.

Sasa Élie, ambaye jibu la kweli alikuwa nalo tayari, hakuweza kuvumilia kuachwa nyuma.

— Ao iko vumbi ya cuivre, ya shaba, alisema. Kuku za huku zinadonoa mawe ya kijani. Pengine ile uvimbe iko madini. Kalenga, siku utaichinja, kichwa usitupe. Ipeleke ku dépôt ya madini, baipime.

Kila nadharia ilikuja na matibabu yake. Kwa ajili ya jino, Amisi alimpaka kuku mawese mashavu yote mawili. Kwa ajili ya kioo, Shafi akamnyunyizia majivu ya mbabula, asijipendeze tena. Élie akalalamika kwamba wanamuunga kama samaki, na Amisi akaona aibu kidogo, akasema basi wamnawishe, kahawa ni chungu, itaua mikrobi. Akamimina thermos yote iliyopoa. Kuku akatikisa kichwa, akawa mweusi, anateleza, na uvimbe uko pale pale.

— Ao inalia, alisema Shafi.

Alilisema kwa sauti ndogo, si kawaida yake.

— Kweli. Mi nashonaka nguo za matanga, nimeona nyuso mingi. Mutu akizuia kilio, mashavu yanavimba. Benita alienda, kuku ilibaki. Nani anaongea nayo?

Kalenga alimvuta kuku karibu na kifua, mawese yakaingia kwenye shati.

— Kama ni vile, tuko babili, alisema.

Na ndipo Mama Bwalya akatokea, kwa miguu, beseni la samaki wakavu kichwani. Wote wakasimama. Kalenga akachuchumaa na kupiga makofi madogo ya heshima, kama mkwe anavyotakiwa, kuku amebanwa kati ya magoti. Mama Bwalya aliitikia, akatua beseni, akatazama.

— Mulikuwa munaipika?

— Hapana, Mama, tunaitunza.

Kisha wakasema wote pamoja: ndui, jino, kioo, madini, mbu. Mama Bwalya aliwasikiliza mpaka pumzi zikawaishia. Halafu akauliza:

— Inalalaka wapi?

Amisi akamtazama Shafi. Shafi akamtazama Élie. Élie akavua miwani, safari hii hakuifuta. Kalenga alitafuta kichwani kwake. Alijua bati linalala wapi, nyundo inalala wapi, mkasi wa kukatia unalala wapi. Kuku, hapana.

— Siyui, Mama, alisema. Benita njo anayua.

Mama Bwalya akatoa simu kwenye kitambaa cha kiunoni, akapiga, akafungulia sauti ili kila mtu asikie.

— Benita, ile kuku inalalaka wapi?

— Ku jiko, Mama. Mu kikapo, na kipande ya moustiquaire ya kuzuia mbu juu yake. Magaribi inakuyaka yenyewe, inagonga mulango na mudomo. Unaifungulia tu. Juu ya nini?

Kalenga akakumbuka. Tangu Benita aondoke, kila magharibi mlango wa jiko uligongwa, ko, ko, ko, naye alijibu akiwa amelala chumbani, bila kunyanyuka. Kumbe kuku alikuwa akigonga, anasubiri, anachoka, anakwenda kulala nje kando ya mfereji wa maji machafu. Na mbu wa Katuba wakamkuta uso wazi.

— Kalenga, ilisema simu. Uliisikia ikigonga?

— Niliisikia.

— Na haukufungua?

— Nilifikiri iko bantu banakutafuta. Nilijibu tu.

— Ulijibu nini?

Mbele ya mama mkwe si mahali pa maneno kama hayo. Aliyasema hivyo hivyo, macho chini.

— Nilisema, Benita haiko, hata mimi namungoja.

Kisha Benita akaanza kucheka, taratibu, kicheko ambacho Kalenga alikuwa hajakisikia tangu kabla ya mvua. Yeye hakucheka. Alimshika kuku vizuri zaidi.

Mama Bwalya akairudisha simu kiunoni.

— Muuza kahawa, nipatie kikombe.

— Imeisha, Mama, alisema Amisi. Tuliinawishia kuku.

Mama Bwalya akajitwika beseni lake.

— Kamata kuku, mwana yangu. Twende tuiweke chini mbele ya ule mulango, we uingie ndani. Magaribi inafika, na mi nataka kuona ukifungua.