Mama Yupi?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, mgeni wetu wa heshima. Ndugu Meneja Mkuu. Viongozi wa chama cha wafanyakazi, ambao leo kwa mara ya kwanza mmekaa upande mmoja wa meza na menejimenti. Mume, wana na wajukuu wa mstaafu wetu. Mafundi, makarani, madereva na walinzi wa kiwanda hiki cha magodoro. Mabibi na mabwana: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na wasio na cheo kwa subira yao.

Nimepewa dakika chache za kumuaga Mkuu wa Idara ya Rasilimali Watu, ambaye nimekuwa naibu wake kwa miaka tisa. Ninyi mnamwita Mama Kabati, na mnadhani hajui. Anajua. Anamjua hata aliyelianzisha jina hilo, na tarehe yake, imo kabatini.

Kabati lenyewe mnalifahamu: la chuma, droo nne, na ya tatu haifunguki mpaka ipigwe goti. Humo kila mmoja wetu alikuwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono. Miaka miwili iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimeongeza shahada ya pili na imani nyingi, nilisimama katika bwalo hili hili nikawatangazia kwamba zama za kabati zimekwisha: likizo mtaomba kwa simu, mahudhurio yatajihesabu yenyewe, na mfumo utatuonya juu ya tatizo kabla halijabisha hodi. Mlipiga makofi. Mama naye alipiga, kisha akaniuliza taratibu, "Huo mfumo unakaa chumba gani, nikausalimie?"

Na aliusalimia kweli. Kila ulipomwandikia, "Ombi lako limepokelewa," alijibu, "Asante sana, nasi huku hatujambo." Neno lake la siri alilibandika kwenye mlango wa ofisi ili lisipotee. Barua pepe alizichapisha, akazitoboa matundu mawili, akazifungia failini. Nilimwona kama mtu aliyepewa gari akaendelea kulisukuma.

Lakini sherehe za kuaga zina tabia ya kuyapaka mafuta mambo ya kale, nami nisingependa kulionea kabati haya. Karani mmoja wa ghala alikaa miezi kumi na moja akisubiri kupandishwa cheo kwa sababu kadi yake ilidondoka nyuma ya droo ya tatu. Mfumo ulimwibua siku ya kwanza. Mama alimfuata ghalani kumwomba radhi, na karani akamwambia, "Mama, muda wote huo nilidhani hunipendi."

"Nakupenda, mwanangu. Ni goti tu lilikuwa linaniuma."

Mheshimiwa Mwenyekiti, katika kikao cha mwezi uliopita uliuliza swali la haki: ikiwa mfumo unapokea maombi, unahesabu siku na kuandika barua, kiti cha mkuu wa idara kijazwe cha nini? Utaliamua wiki ijayo. Sina jibu lililokamilika. Nina kisa kimoja, na mwenye kisa, fundi wetu wa kukata sponji mnayemwita Wembe, aliyekaa pale karibu na mlango, ameniruhusu kukisimulia kwa sharti kwamba nisijipendelee.

Mwaka jana, Mama akiwa likizoni nami nikikaimu, Wembe aliomba likizo ya msiba. Katika orodha ya uhusiano akachagua "Mama". Mfumo ukawaka nyekundu: ndani ya miezi kumi, mtu huyu amefiwa na mama mara tatu. Papo hapo ukaandaa barua ya kumsimamisha kazi kwa udanganyifu, ukabakiza mahali pamoja tu pa kubonyeza. Nikabonyeza. Nakumbuka nilijiona mtendaji hodari. Wembe alirudi kutoka kuzika, akakuta kadi yake haifungui geti, na mlinzi ameagizwa apokee glavu na aproni.

Mama aliporejea alituita sote wawili. Hakuwasha kompyuta. Alimsogezea Wembe kiti, kisha akauliza, "Mama yupi?"

"Wa kwanza mama mkubwa," Wembe akasema. "Wa pili mama aliyenizaa. Huyu wa sasa ni mama mdogo, aliyenilea tangu darasa la pili. Kwenye simu kuna Baba, Mama, Mwenzi, Mtoto. Ningechagua nini? Niseme nimefiwa na mtoto?"

Mama akaipiga goti droo ya tatu, akatoa kadi. Miaka kumi na minne kabla, siku ya kuajiriwa, Wembe aliulizwa nani apigiwe simu akipata ajali. Na kwenye mstari uliotengewa jina moja, mwandiko wa Mama ulikuwa umebananisha majina matatu.

Nikajitetea, "Kumbe mfumo umekosea."

"Haukukosea, mwanangu. Uliambiwa mama ni mmoja, ukatii. Aliyeuambia nani?"

Aliyeuambia ni mimi. Orodha ile niliijaza alasiri moja, mimi mwenye mama wadogo wawili, mmoja wao akiwa amenipigia simu asubuhi hiyo hiyo kuniuliza kama nimekula.

Wembe alirudi kazini kesho yake, nami nikamwomba radhi mbele ya kitengo chake. Akaniambia, "Yamekwisha, Dada. Lakini mimi sponji nikiikosea, naigeuza mto. Mtu ukimkosea, unamgeuza nini?"

Tangu hapo, ukichagua "Mama", mfumo unakuuliza: "Mama yupi?" Je, tumelimaliza tatizo? Sijui. Mwaka huu idara ya mauzo peke yake imezika bibi saba, na nawaona wahusika wakizitazama sahani zao. Mashine sasa inauliza swali la Mama neno kwa neno, ila inakupa nafasi ya herufi arobaini, ilhali yeye alikusogezea kiti. Kuna siku naiona tofauti hiyo kuwa ndiyo kazi yetu yote. Kuna siku nahofia ni mazoea tu, na kwamba vijana tunaowaajiri leo wangependelea kuijibu skrini kuliko kutazamwa wakilia. Ninachothubutu kukisimamia ni kidogo: kuhesabu siku tumeondolewa, na bado lazima awepo mtu wa kuamua mashine iulize nini, na wa kubeba aibu ikiuliza vibaya. Mnaweza kusema ninakiombea kiti hicho. Nimelitafakari hilo, na sina hakika kwamba sikiombei.

Mama, ulipoulizwa unataka zawadi gani, ulikataa saa ya ukutani ukaomba kabati, tupu. Kesho linahamia kwako, nami leo asubuhi nimeomba likizo ya siku moja nije tulibebe. Sababu: shughuli ya familia. Uhusiano: Mama. Mfumo ukaniuliza, "Mama yupi?" Nikaandika, "Aliyenifundisha kuuliza." Herufi zilitosha.

Mfumo ukanijibu: "Ombi lako limepokelewa. Linasubiri idhini ya mkuu wa idara." Nikaangalia mkuu wa idara ni nani. Akaunti ya Mama ilifungwa jana saa sita mchana. Mahali pa jina pana kistari.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa, na chakula chenu kisipoe kwa ajili yangu. Nawe, Mheshimiwa Mwenyekiti, kabati lile ni zito, na ombi langu bado linasubiri.