Ubao wa Mabega

Kijiwe chetu kiko Kiboriloni, kwenye ukuta wa duka la pembejeo, mkabala na akina mama wa mitumba. Benchi letu lilivunjika kabla ya Pasaka, na msiniulize nani alikuwa amelikalia, maana mzee wetu, Meku Valerian, mpaka leo akisikia habari hiyo ananuna. Tangu siku hiyo tunakalia kreti za soda na matairi chakavu kama watu tuliohamishwa. Mimi ni fundi viatu, wananiita Kiraka, na niseme mapema: simpendi kabisa mtu anayebishana juu ya kitu asichokijua. Bahati mbaya sina marafiki wa aina nyingine.

Asubuhi hiyo Hafidhi muuza kahawa alikuwa ndiyo kwanza ameweka birika chini, akaibuka Eliakim na mzigo kichwani. Eliakim ni mpagazi wa mlimani, tunamwita Mabega, na mabega yenyewe anayo. Kichwani alikuwa na mbao mbili. Mmoja mrefu kupita kitanda changu, mpana, mnene, wa bluu, laini kama ndala. Wa pili mfupi, mweupe, mwembamba, unang'aa, umechongoka mbele. Akaziegemeza ukutani, akakaa kwenye tairi taratibu huku amelishika goti la kulia.

Eliakim: Shikamoo Meku.

Meku Valerian: Marahaba. Umeng'oa milango ya nani?

Eliakim: Si milango, Meku. Ni mbao za kuchezea mawimbi. Mtu anasimama juu yake, wimbi linamsukuma mpaka ufukweni.

Meku Valerian: Mtu mzima?

Eliakim: Mzima na akili zake.

Meku akatazama kahawa yake, akaniangalia mimi, kisha akatema mate pembeni. Huyu ni mzee wa Rombo, kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, kiko juu ya mji wa Mkuu, na maji mengi aliyowahi kuyaona pamoja ni ya mfereji wa kumwagilia.

Eliakim akatueleza. Kuna mama mmoja mzungu, Greta, anaishi pwani miaka mingi na Kiswahili anakimwaga kutuzidi. Ana sehemu yake ya kukodisha mbao hizi kwa wageni. Alipanda mlima na ubao wake mfupi ili apigiwe picha nao kileleni, na aliyeubeba kwenda na kurudi ni Mabega. Wakati wa kushuka goti likamgomea. Wenzake wakamlaza kwenye ile machela ya tairi moja, akashushwa kama mgeni. Kampuni ikamwambia apumzike, na sisi tunajua kampuni ikikwambia upumzike inamaanisha nini. Greta akamwonea huruma. Akamwambia, twende pwani, kazi ipo.

Mimi: Sasa tatizo liko wapi?

Eliakim: Aliniuliza, Eliakim, unazijua mbao hizi? Nikamwambia nazijua sana.

Mimi: Unazijua?

Eliakim: Kiraka, mlimani mgeni hajibiwi hapana! Akiuliza mvua itanyesha, unasema haitanyesha. Akiuliza kama tumekaribia, tumekaribia. Mdomo umeshazoea. Sasa kaniachia zote mbili, kasema nichague wangu, ubao mmoja tu unaofaa kwa kila kazi na usioharibika upesi, halafu nimweleze kwa nini. Gari linanipitia hapa hapa. Nikikosea atajua nimemdanganya, na mimi mlimani sirudi tena. Goti limekataa. Watoto wangu watakula nini?

Hapo macho yake yakalengwa na machozi, na mimi nikajisikia vibaya. Ningekuwa na jibu ningempa. Mwenzetu Fikirini, kwa upande wake, alikuwa na majibu saba. Huyu ni mchomelea mageti, lakini anataka aitwe Injinia tangu siku aliyowashikia wapima barabara kamba.

Injinia: Usilie bwana, umefika kwa wataalamu. Wewe mwenyewe umeegemea wapi?

Eliakim: Kwenye mfupi. Unatulia kichwani. Huu mrefu upepo unausukuma, shingo inateseka.

Injinia: Point! Andika hiyo. Ubao mzuri ni ule unaotulia kichwani.

Hafidhi: Samahani, lakini kuogelea anajua?

Injinia: Kuogelea kwa nini? Dereva wa lori anajua kukimbia? Anayeogelea ni ubao, yeye ni abiria. Mimina kahawa wewe.

Hafidhi akamimina. Injinia akaupindua ule mfupi, tukaona vibawa vitatu vya plastiki ngumu vimechomoza nyuma kama mapezi ya samaki.

Meku Valerian: Hiyo miguu ya nini?

Injinia: Si miguu, Meku. Hivyo vinakaa juu. Umeshaona yale magari ya vijana yaliyofungwa bawa nyuma? Vinakata upepo. Bila hivyo, ukishika spidi unapaa, unaokotwa Zanzibar.

Mimi: Injinia, samaki ana pezi hata tumboni.

Injinia: Samaki hajasomea upepo.

Meku Valerian: Mimi naona ni vya kushikia ukiwa umelala. Na kamba hii?

Kweli, nyuma ya kila ubao kulikuwa na kamba ya mpira yenye mkanda mwishoni. Eliakim akasema anachojua ni kwamba mkanda ule unafungwa mguuni.

Meku Valerian: Basi nimeelewa. Mbuzi naye tunamfunga mguu asiingie shamba la jirani. Wazungu wanafungwa wasivuke mpaka, wakajikuta nchi nyingine bila viza.

Hafidhi: Meku, hapo umeua!

Mimi nikakaza roho ninyamaze, nikashindwa. Nikawaonyesha ile pua ya mbele iliyopinda kwenda juu. Nikawaambia kiatu kizuri nacho soli yake inapinda mbele, la sivyo kila hatua unajikwaa. Kwa hiyo ubao huu ni soli, bahari ni barabara, na anayepaswa kuulizwa hapa ni fundi viatu peke yake. Nilijisikia vizuri sana. Baadaye nilikuja kufikiri kwamba huenda mimi ndiye niliyepatia, lakini siku hiyo hakuna aliyenisikiliza, maana Injinia alikuwa ameshatoa kisu kidogo na kuanza kukwangua utando unaonata kwenye ubao mfupi.

Eliakim: We! Unafanya nini?

Injinia: Uchafu huu. Nta, kama mshumaa. Itakuwa ilimwagika huko kwenye mahema yenu.

Eliakim: Aliipaka mwenyewe, nilimwona!

Injinia: Aaa, basi ni grisi. Grisi inapakwa pale panaposuguana. Kwa hiyo upande wenye nta unakaa chini, kwenye maji, na mapezi yanakaa juu. Si niliwaambia? Hesabu imekubali!

Eliakim akamtazama kama mgonjwa anavyomtazama mganga aliyechelewa. Nikaona anaanza kuamini, na hilo likanitisha kuliko yote.

Meku Valerian: Yote hayo ni maneno. Mama kasema usioharibika upesi. Kitu kisichoharibika kinajulikana kwa kukikalia.

Hapo ndipo nilipomgundua mzee. Tangu ubao ule wa bluu ufike, alikuwa anaupima kwa macho, kutoka kreti hadi kreti. Alikuwa anatafuta benchi! Lakini mgongo wangu nao ulikuwa umechoka matairi, nikamsogezea kreti.

Tukaanza na mrefu. Tukauweka juu ya kreti mbili, tukaukalia watatu kwa mpigo. Ukabonyea kidogo, tulipoinuka ukarudi kama ulivyokuwa. Meku akaupapasa kwa mapenzi, akaushukuru kwa Kichaga, "Aika." Kisha tukaweka ule mfupi, mapezi juu kama alivyoagiza Injinia, na Meku akakaa katikati ya mapezi kama askofu kitini. Akaomba aongezewe kahawa. Akavuka mguu mmoja juu ya mwingine.

Krak.

Meku akasimama polepole, kikombe mkononi. Ufa ulikuwa umepita kutoka ukingo hadi ukingo.

Eliakim: Mungu wangu! Meku! Meku, umeniua!

Meku Valerian: Haukuwa imara. Bora tumejua mapema.

Eliakim: Ni ubao aliopanda nao mlima! Nimeubeba kama yai! Siku zote zile kichwani haukupata hata mkwaruzo, kijiweni hapa hamjamaliza hata birika!

Akaketi chini kabisa, vumbini, mikono kichwani. Injinia akasema ipo gundi fulani, mara akasema tunaweza kuubandika bati kwa misumari ya rivet, mara akasema tuseme umepasuliwa na baridi ya kileleni. Kila aliposema, ufa ulionekana kurefuka. Nilimwambia afunge mdomo, na nilimwambia kwa maneno ambayo siyarudii hapa.

Katikati ya kelele hizo akaja mama mmoja wa Mabogini, Shida, ambaye analeta mchele sokoni. Alikuwa hajawahi kusimama kijiweni kwetu. Akatua ndoo yake, akaomba kahawa, akaamkia wakubwa, akazitazama zile mbao kwa muda. Hafidhi akamweleza ni za nini.

Shida: Sasa mtu akiwa majini anakanyaga upande upi?

Tukatazamana. Injinia akafungua mdomo, akaona mapezi, akaona nta, akaufunga. Meku akasoma sakafu ya kikombe chake. Mimi nikakumbuka nina kiatu cha mteja hakijaisha. Asubuhi nzima tulikuwa tumeuchambua ubao kuanzia pua hadi mkia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia yule mama mguu unawekwa wapi.

Eliakim alituangalia mmoja mmoja. Sijui aliona nini, lakini aliinuka mwenyewe, akajikung'uta suruali.

Gari likafika. Greta akateremka, mwanamke mrefu, pua imebabuka kwa jua. Akasalimia, Meku akaamkiwa vizuri kabisa. Macho yake yakaenda kwenye ule ufa, yakakaa hapo.

Greta: Haya, Eliakim. Umechagua upi?

Eliakim: Mama, sijui.

Nilimfahamu Mabega tangu anaanza kazi. Sikuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake.

Eliakim: Sijui upi, sijui kwa nini. Sijui hata juu ni wapi. Kuogelea sijui. Nilikudanganya. Na mfupi umepasuka mikononi mwangu, nisamehe. Mimi ninachojua ni kubeba tu.

Injinia alikuwa anatazama angani. Greta akainama, akapitisha kidole kwenye ufa, akavuta pumzi ndefu. Kisha akauinua ule wa bluu na kuugonga gonga.

Greta: Mimi ningechagua huu. Mrefu, mpana, mnene. Unambeba mtoto na mzee, wimbi dogo unakwenda, wimbi kubwa unakwenda, na ukigongwa hauvunjiki. Hilo ningekufundisha. Wewe ulidhani nakupeleka ukateleze?

Eliakim: Kumbe kazi ni ipi?

Greta: Kubeba. Kutoka stoo mpaka kwenye maji, na kurudi.

Eliakim akalishika goti lake.

Eliakim: Mama... kuna kupanda?

Greta: Hakuna. Mchanga tu. Tambarare.

Mabega akageukia ukuta wa duka la pembejeo, akalia mbele yetu sote, mtu mzima, bila kuona haya. Hata mimi macho yalinisumbua. Kisha akajifuta, akautwika ule ubao wa bluu kichwani hatua zile chache mpaka kwenye gari, upepo ukausukuma, na yeye akacheka.

Ule mweupe Greta alituachia. Alisema aliyeuvunja aukalie. Tumeubandika bati, rivet kumi na moja kwa mkono wa Injinia, na sasa tuna benchi. Meku Valerian anataka mapezi yawe juu, apate pa kuegemea. Mimi nataka yawe chini, tukae kama watu. Kila asubuhi anayewahi anaupindua anavyotaka, na aliyekuwa analijua jibu aliondoka na gari kabla hatujakumbuka kumwuliza.