Ukurasa Mtupu wa Daftari la Mwalimu Hellen

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Hellen Ambindwile anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na sita katika shule yetu ya msingi hapa Kisiba. Alifundisha Historia na Dini, na kwake yote mawili yalikuwa kazi moja: kuuliza.

Kila Ijumaa, kwenye kipindi cha dini, mwanafunzi alitakiwa aje na swali kutoka nyumbani. Meshaki aliwahi kuuliza kama Nuhu alipakia na siafu. Mwalimu alifikiri weee, akasema, "Ndaga, asante, mwanangu. Hilo sina, tulitafute wote."

Maswali kuhusu shule aliyaandika kwenye daftari la bluu, na majibu ya wazee chini yake. Yumo padri aliyeanzisha darasa la katekisimu. Wamo akina mama waliobeba mawe kutoka mtoni. Ukurasa mmoja tu ni mtupu, na juu yake pameandikwa: Nani alijenga kuta? Ameuliza miaka ishirini.

Hapa naomba niungame.

Nilihamia kutoka Makandana nikiwa darasa la tano. Kipindi cha dini kikifika, Waislamu huinuka kwenda kwa Ustadhi Suleimani, Wakristo hubaki. Mimi niliona aibu kuinuka mbele ya watu nisiowajua, nikabaki. Ijumaa tatu! Ya nne, Mwalimu akanipa boksi la chaki. "Rehana, mpelekee Ustadhi. Akikwambia kaa, kaa." Darasa zima likadhani nimetumwa tu. Nilibeba chaki kila Ijumaa, mpaka nikazoea kuinuka mwenyewe.

Nikiwa darasa la saba nilimuuliza babu yangu, Hasheem, kuhusu zile kuta. Akacheka. "Mbona ni mkono wa baba yangu! Fundi Athumani na wenzake wanne, Waislamu watupu. Padri akawaachia stoo ya zana waswalie."

Nikaona aibu kunyoosha kidole. Sasa niko kidato cha tatu, najibu maswali hata kwa Kiingereza, na jibu hilo bado nimelikalia.

Basi, Mwalimu, kabla ya tarehe 30 andika: Fundi Athumani na wenzake wanne. Na stoo yenyewe ndiyo chumba cha Ustadhi, ulikokuwa ukinituma nipeleke chaki.

Asante kwa kunituma. Pumzika vyema kwenye migomba yako, na maswali yasikuishie.