Benzi ya Kichwa Wazi

Pale Mabanga, mtaa wa Goma, njia ya vumbi jeusi inapokata kona kuelekea kanisani, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili ya volkano, na juu ya ubao huo serikali nyingi zimeundwa na kuvunjwa kabla ya saa nne asubuhi. Mama Rosine huweka termosi zake upande wa kivuli, moja ya kahawa yenye tangawizi, nyingine ya wale ambao daktari amewakataza tangawizi. Wenye benchi wanajulikana. Kuna Carlos, fundi wa redio, ambaye watu humwita Radio, si kwa sababu ya kazi yake bali kwa sababu hazimiki. Kuna Mushagalusa, yaani Senateri, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kuwa mkubwa wa nyumba kumi, lakini hawezi kuomba sukari bila kusema "waheshimiwa". Na kuna mzee Balagizi, aliyekuwa karani wa posta mpaka barua zilipokwisha. Yeye ni Papa Kravati, maana kravati yake haivuliwi hata siku ya kufyeka majani. Jumamosi hii kravati ilikuwa imefungwa upande, na kila mtu aliona.

— Papa Kravati, akasema Radio, hiyo fundo ni ya mutu anataka kujinyonga ao ya mutu anataka kuoa?

— Ni ya mutu anataka kununua gari, akajibu Balagizi.

Mama Rosine akaacha kumimina.

— Gari gani tena, Papa?

— Benzi ya marehemu Murhula. Ile ya Himbi.

Kila mtu alikuwa anaijua, au alisema anaijua. Murhula, mnunuzi wa kahawa, aliiagiza Ujerumani zamani za Zaire: rangi ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, na paa la kitambaa lililokunjwa nyuma kama mwavuli. Tangu afe ilikuwa imelala chini ya turubai uani kwake, mtaani Himbi. Sasa mwanawe Julien alikuwa anahama na familia yake, na saa sita mchana wanunuzi wa vyuma wangekuja kuikata vipande, isipokuwa Balagizi aseme ndiyo. Pesa Balagizi hakuwa nazo. Alikuwa na parseli ya Mugunga, kile kiwanja ambacho yeye na mke wake walikuwa wamekitunza kwa ajili ya nyumba ya uzeeni. Julien alikuwa amekubali: kiwanja kwa gari. Mke alikuwa hajaambiwa.

— Modeli gani? Radio akauliza, kama mtu mwenye Benzi nyingine tatu nyumbani.

— Dekapotable.

— Haina kapo? Motere inanyeshewa?

— Si kapo, Radio. Kapo ni ya mbele, inafunika motere. Hii ni kapoti. Ya juu.

— Kapoti! Ile ya kuzuia mimba? Mama Rosine, funika masikio.

— Mimi nilizaa saba, akasema Mama Rosine. Nifunike nini sasa?

Walicheka mpaka mbwa aliyelala chini ya benchi akahama. Balagizi pia alicheka, lakini mkono wake ulirudi kwenye kravati.

— Waheshimiwa, akaanza Senateri, tuache mchezo. Munajua ju ya nini Wajerumani walitoa paa? Ni ju ya nywele. Enzi zile bibi harusi alikuwa anasukwa nywele inapanda juu namna hii, kama kanisa. Hakuna gari ilikuwa inamuenea. Murhula aliandika barua kule: nywele za bibi zetu hazienei. Banamujibu: Bwana, tumeelewa, tunakata paa.

— Uongo, akasema Radio. Barua iko wapi?

— Papa Kravati njo yeye alikuwa posta. Muulize.

— Barua za watu sikuwa nafungua, akasema Balagizi.

— Unaona? Hajakataa! Mficha uchi hazai.

— Hiyo methali inaingia hapa na mlango gani, Senateri?

— Na juu. Gari iko wazi.

Radio hakutaka kushindwa. Alimeza kahawa yake, akaweka kikombe juu ya ubao polepole, kama mtu anayeweka ushahidi mezani.

— Miye nitawaambia kitu niliona na macho yangu. Volkano ilishuka, si ndiyo? Moto inakuja, inakula nyumba, inakula kanisa, inakula kila kitu. Inafika kwa Murhula. Inaona ile nyota mbele ya Benzi. Inasimama.

— Himbi moto haikufika, akasema Mama Rosine.

— Haikufika ju ya nini? Ju ilisimama! Si njo ninaeleza?

— Na weye ulikuwa wapi ukiona na macho?

— Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa nimekimbia. Lakini mambo makubwa mutu anayaona mbali.

— Honi yake je? Senateri akadakia. Murhula akipiga honi pale juu, sambaza, wale samaki wadogo, wanaruka kutoka ndani ya ziwa kule Kituku. Wavuvi hawakuwa banatupa nyavu. Walikuwa banamutumia Murhula ujumbe tu: Muzee, tupigie kidogo.

— Na paa ilikuwa inajifunga yenyewe mvua ikikaribia, akasema Radio.

— Hata mvua ikiwa bado mbali, kule Masisi!

Balagizi alisikiliza, na kadiri uongo ulivyopanda ndivyo hamu yake ilivyopanda. Yeye hakuhitaji kuongeza chumvi. Alikuwa amepanda gari lile kweli. Murhula alimwazima kwa ajili ya harusi yake, akaliendesha mwenyewe, kwa sababu alisema hawezi kumpa mtu mwingine usukani, wala kumwacha karani mwaminifu wa posta aoe kwa lori. Walitoka Goma kabla jua halijapanda, wakaenda kumchukua bibi harusi kwao Butembo, kwa barabara ile ya kaskazini.

— Sema nawe weye, Papa Kravati, akasema Mama Rosine. Hawa wanalewa kahawa.

— Niseme nini? Tulipita Rutshuru, tukateremka kule bondeni Rwindi. Swala walikuwa wanatuangalia. Na siye tunawaangalia, kichwa wazi, hakuna kioo katikati. Tukapanda Kabasha na vumbi yake yote. Tulifika Butembo tumekuwa wekundu kama matofali.

— Na bakwe? akauliza Radio, ambaye alikuwa anaijua hadithi hiyo lakini aliipenda.

— Baba mukwe alitoka nje, anaona gari haina juu. Akashika kichwa. Akaita watu. Wakaja wote, mama wanalia. Tunauliza nani alikufa? Mukwe ananishika mukono, anasema: poleni sana, mutoto wangu, na aksida ya barabara. Tunashukuru Mungu muko wazima.

Benchi lilipiga kelele. Mama Rosine alijifuta macho kwa kitenge.

— Murhula anaeleza: Papa, si aksida, ni vile ilitengenezwa. Muzee anasema: ndiyo, ndiyo, usione haya. Ile jioni akaita seremala aje kupima, atupigie mabati. Anasema binti yangu hatoki hapa na gari iliyopasuka kichwa.

— Mabati juu ya Benzi!

— Alipima kweli. Padri njo aliwaelezesha.

Wakacheka. Balagizi alikuwa bado njiani. Alimwona Katungu, bibi harusi wake, siku ya kurudi Goma, amesimama kwenye kiti cha nyuma tangu Lubero, ameshika shela kwa mkono mmoja na kiti cha Murhula kwa mwingine, akiwapungia shela wanawake waliokuwa mashambani. Nao waliinua majembe. Alikataa kukaa. Murhula alimsihi akae, ataanguka, yeye akasema hajawahi kuona nchi yake namna hii, mbele na nyuma na juu kwa mara moja.

Hicho ndicho Balagizi alitaka kununua. Si vyuma. Katungu wa siku hizi alikuwa haimbi tena jikoni. Alikuwa anasikiliza habari za kwao kwa simu, mdomo umefungwa, kisha anaendelea kuchambua maharage.

— Lakini, muzee wangu, akasema Radio, na sauti ilikuwa imeshuka, ile gari inawaka?

— Haiwaki. Betri tutatafuta.

— Kitambaa cha juu?

— Panya walikula.

— Basi mvua ya hapa itakufanya piscine ya kuogelea. Haba na haba hujaza kibaba.

— Itabaki bila paa. Si ndiyo dekapotable?

— Kutu?

— Iko. Kidogo.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Senateri kwa huzuni. Ile kutu imeiva.

— Na Mama Katungu anajua habari ya parseli?

Mama Rosine akamkanyaga Balagizi mguu. Katungu alikuwa anakuja, kikapu mkononi, anatoka sokoni. Hakuwa na kawaida ya kusimama kijiweni. Leo alisimama.

— Mungu asifiwe, Mama, wakasema wote, wakakaa sawa kama wanafunzi.

— Asifiwe. Papa, nilimukuta bibi ya Julien sokoni. Ananiambia asante kwa parseli.

Radio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa hewani bila sauti.

— Katungu, akasema Balagizi, nilikuwa nataka kukuambia leo. Wanaikata saa sita. Ile gari. Yetu.

— Ile gari yetu, akarudia Katungu.

Aliweka kikapu chini. Balagizi alisubiri hasira. Alikuwa ameipangia majibu usiku kucha. Ya kiwanja alikuwa nayo, ya betri alikuwa nayo, hata ya kutu. Lakini uso wa mke wake ulikuwa umefunguka, na kwa kitambo kidogo alikuwa na umri ule wa Lubero.

— Viti vingali vyekundu?

— Vimepasuka. Lakini vyekundu.

— Basi ununue, akasema. Nyumba ya Mugunga, tungekaa ndani tunaangalia nini? Ununue. Lakini niambie kitu kimoja tu. Tutaenda nayo wapi?

Hakuuliza kwa dhihaka. Alitaka kujua, kama mtu anayetaka kujua avae koti au asivae.

Senateri akasema "Waheshimiwa", akaishia hapo. Radio akainua kidole kuelekea kaskazini, akakitazama, akakishusha taratibu, kwa kuwa barabara ya kaskazini ilikuwa imekaliwa na vita, na watu walikuwa wameanza kuitaja kama marehemu. Upande wa mpaka wangetaka makaratasi ya gari, na makaratasi yaliungua na ofisi ya Murhula. Mjini kwenyewe, mawe ya barabarani yangeifikisha kona ya kwanza tu.

Balagizi alifungua mdomo aseme Butembo, akaishia kunyoosha kravati.

— Songeni kidogo, akasema Katungu.

Wakasonga. Akakaa katikati yao, mikono juu ya magoti. Mama Rosine akainamisha termosi juu ya kikombe kwa ajili yake. Yakatoka matone mawili na machicha. Kutoka kanisani ilisikika kengele ya saa sita, na simu ya Balagizi ikaanza kulia mfukoni. Aliitoa, akaona jina la Julien, akabaki ameishika. Katungu akaichukua mkononi mwake bila haraka, akaiweka sikioni.

— Ndiyo, Julien, mutoto wangu. Hapana, usiwaache waanze. Ungoje kidogo. Papa anatafuta kwanza barabara.