Kuku Mweusi Niliyempeleka Kanisani

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Aa, mmeitika kama watu wenye njaa. Bwana asifiwe tena! Haya, hapo sawa.

Mimi ni Mama Nyamisi, nakaa Nyasho hapa hapa Musoma, nauza samaki wa kukaanga. Wengi mnanijua kwa samaki, kwa habari hii hamnijui. Leo nimesema nitaisema, hata nikilia nitaisema.

Sikuzaliwa kanisani mimi. Kwetu kule vijiji vya ziwani hatukuwaga watu wa dini. Baba alimwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya wazee waliokufa, basi, imetosha. Nikaolewa na mwanaume wa upande wa Butiama, naye hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti hapa mjini, mpole sana. Akaugua ini, akafa, tukamzika kwao.

Ndugu zangu, matanga hayajaisha, shemeji yangu mkubwa akaniita nyuma ya nyumba. Akasema mjane lazima atakaswe. Siyo koo zote, lakini ukoo wa mume wangu ndivyo walivyo. Wanatafuta mwanaume, unalala naye, ndipo wanasema kifo kimekutoka. Na mwanaume alishapatikana, mlevi mmoja anafanyaga hiyo kazi kwa malipo ya mbuzi. Nikasema sitaki. Shemeji akanijibu, "Usipotaka, kifo kitamrudia mtoto." Hapo ndipo aliponiweza. Nyamisi wangu alikuwa na miaka minne, na sikuwa na mwingine.

Nikatoroka na mtoto wangu, nikarudi Nyasho. Wiki ya pili mtoto akaanza homa. Mwili unachemka, chakula hataki, akilala anashtuka. Shemeji akapiga simu: "Si nilikwambia?" Akasema Jumatano watakuja na yule mwanaume. Jamani, niliogopa! Hata hospitali sikuwaza. Mtu akishaambiwa kifo kiko ndani ya nyumba, haoni kitu kingine.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikaenda Bunda kwa mganga, nimebeba kuku mweusi kama nilivyoelekezwa. Mganga akamtazama kuku, akanitazama mimi, akasema dawa yake haifanyi kazi mpaka mwanaume atangulie. Nikamnyang'anya kuku wangu! Nikamwambia, basi baki na dawa yako. Nikarudi Musoma nimenuna njia nzima, najiuliza ni wapi wanapokea kuku bila kudai mwanaume. Ndipo nikakumbuka kanisa hili hapa Kitaji, nililokuwa nalipitaga na beseni langu la samaki. Nikasema kesho Jumapili, ngoja niwajaribu na hawa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kwa mganga kuku unamkabidhi mlangoni, husalimii, hutaji jina, hugeuki nyuma. Nami nikafanya hivyo hivyo. Nyamisi mgongoni, kuku kwapani. Mzee wa kanisa akanichangamkia, "Karibu mama, Bwana asifiwe!" Nikamsukumia kuku mikononi, nikapita kimya, shingo nimeikaza. Akasema, "Ubarikiwe!" Nikajua tayari, ameshaanza kazi.

Nikakaa benchi la nyuma nasubiri wamchinje. Wakaimba, nikasubiri. Mchungaji akahubiri, nikasubiri. Wakasema wageni wasimame wajitambulishe, nikainamisha kichwa, maana jina halitajwi. Ibada ikaisha, hakuna damu! Nikatoka nje nimechanganyikiwa, nakuta watu wamezunguka meza yenye maboga na ndizi, na mzee ameinua kuku wangu juu anamnadi!

Ninyi mmezoea mnada wa sadaka, vitu vilivyotolewa vinauzwa hela iingie kanisani. Mimi sikujua hata kama kuna kitu kama hicho. Niliona watu wanagombania mkosi wangu, na aliyekuwa mbele kabisa kutaja bei ni mama mwenye mimba. Nikapiga kelele, "Msimnunue! Huyo kuku ana kifo changu ndani!"

Wote wakanigeukia. Nikaanza kulia pale pale, nikasema yote: mume, shemeji, Bunda, Jumatano. Sikubakiza kitu.

Mama Magesa, yule pale mwenye kitambaa cha kijani, simama mama wakuone! Huyu mama hakunicheka. Alisema mbele ya watu wote, "Na mimi ni mjane. Sikutakaswa. Watoto wangu wanne hawa hapa, mkubwa ndiye aliyekuwa anapiga kinanda." Halafu akamgeukia mzee wa mnada, "Huyo kuku ni wangu. Nitamla leo leo na mgeni wetu."

Mchungaji akamwekea mtoto mkono, akaomba kwa jina la Yesu. Alipomaliza tu, Mama Magesa akasema, "Amina. Sasa twende zahanati." Msicheke! Mtoto akapimwa, ni malaria, akapewa dawa. Malaria, ndugu zangu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumlilia!

Tukaenda kwake, akapika. Yeye ndiye aliyeanza, akavunja paja, akawa ananitazama usoni huku anatafuna. Nikachovya tonge la ugali kwenye mchuzi. Nikala. Ilikuwa nyama ya kuku tu, chumvi imezidi kidogo, mama nisamehe. Nikaomba mwenyewe kwa mara ya kwanza, sijui hata nilisema nini, lakini niliinuka pale nimeamua. Yesu akiwa upande wangu, simpokei huyo mwanaume wao.

Jumatano wakaja. Shemeji, yule mlevi, na mama mkwe wangu. Msidhani sikuogopa. Lakini Mama Magesa na akina mama wawili walikuwa wamekaa mlangoni kwangu tangu asubuhi, na Nyamisi anakunywa uji. Nikasema, "Shemeji, mtoto ni wa kwenu, karibuni chai. Ila huyo mtu hapiti mlango huu." Shemeji akawaka! Akasema, "Mtamzika huyo mtoto, na msinililie."

Mama mkwe akasogea mbele. Naye ni mjane. Akamtazama mjukuu wake, akaniangalia mimi, akasema polepole, "Mwanangu, mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka." Akajifuta macho kwa kanga. Kisha akamshika shemeji mkono, "Nimesema twende nyumbani." Wakaenda. Hawajarudi tena na habari hiyo.

Mama mkwe hajaokoka, siwezi kuwadanganya, namwombea. Lakini Nyamisi yuko darasa la pili, na hapa ninavyoongea anawasumbua wenzake huko nyuma. Asante Yesu! Asante, asante Yesu! Ulinipokea sijui hata kusalimia.

Namalizia. Najua humu ndani, au jirani na kwako, kuna mjane ameshapangiwa siku. Dada yangu, Mungu aliyenishika mimi hajachoka. Mtegemee. Na siku hiyo usikae peke yako. Niambie tu ni lini. Samaki siku hiyo siuzi. Nitakuja asubuhi na mapema, nikae mlangoni kwako mpaka waondoke.