Insha ya Diane Kuhusu Baba Yake

Benchi langu la kahawa liko hapa Nyakahura, jirani na mnada, na wateja wake wa kila siku ni wawili. Mayunga, dalali wa ng'ombe, tunamwita Profesa ingawa darasa la nne lilimshinda. Fideli tunamwita Mzungu, maana aliwahi kulinda ghala la wakimbizi kule Ngara akarudi na Kiingereza. Jana akaja mzee Nyandwi, Mrundi aliyehamia hapa zamani, mbio, na daftari la binti yake Diane wa kidato cha pili. Insha ya Kiingereza kuhusu baba, alama kumi na nane kati ya ishirini!

— Shikamoo mzee, — Fideli akapokea daftari.

— Marahaba. Nisomee, Mzungu.

— *My father is cruel.*

— Baba ni mimi hapo. Na hilo neno la mwisho?

Fideli akanitazama. Alijua, nami nilimwona anajua.

— Ni... baba mwenye msimamo.

— Wee! — Mayunga akadakia. — Hilo nimelisikia kwenye sinema. Jenerali akiitwa hivyo, jeshi zima kimya! Ni cheo.

— Cheo?

— Kikubwa! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mzee wangu.

— Basi mwenyekiti wa kijiji aniite hivyo mkutanoni!

Nyandwi alicheka hadi machozi. Moyo uliniuma, nikatamani kumziba Mayunga mdomo kwa birika.

Pembeni alikuwepo Eustakia, mama mmoja kutoka kijiji cha Mbuba aliyefuata maharage mnadani, kikombe chake cha kwanza kwangu.

— Samahani, baba zangu. Mtoto anasema baba amefanya nini?

Fideli akasoma polepole, kwa Kiswahili:

— Anasema yeye mwenyewe alimlea ndama yatima kwa chupa. Siku moja akatoka shule, akakuta kamba tupu.

— Ndama alikwenda kwenye mahari ya kaka yake Diane, — Nyandwi akasema. — Si ndiyo desturi?

— Ndiyo desturi, — Mayunga akaitikia.

— Na Diane ulimwambia nini? — Eustakia akauliza.

Nyandwi akaangalia viatu vyake.

— Nilimwambia akachote maji.

— Nisamehe, mzee, — Fideli akasema. — Lile neno maana yake ni katili.

Nyandwi akalifunga daftari taratibu, akalifuta vumbi kwa kiganja.

— Mzungu, “nisamehe mwanangu” kwa Kiingereza wanasemaje?

— Hilo kamwambie kwa Kirundi, mzee.